Somo la Mwezi: Sahani ya Mtoto Mdogo

Mwezi huu somo letu linahusu chakula cha watoto wa mwaka 1 hadi 3, wale walioanza kutembea na kuvuta sahani ya kila mtu.

Hatukuchagua somo hili bure. Uchunguzi wa afya uliofanyika Burundi mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 56 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Mtoto aliyedumaa anaweza kucheza na kucheka kama wengine, lakini mwili na akili havikui inavyotakiwa. Miaka 2 ya kwanza ikipita, ni vigumu kurudisha kilichopotea.

Sisi wenyewe tuliliona jambo hili karibu. Vita vilipofika Bukavu mwezi wa Februari 2025, maelfu ya watu walivuka mto Rusizi kuingia Burundi. Mama mmoja wa kikundi chetu alipokea ndugu zake, na sufuria ile ile ikalisha watu 11. Mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu alikula pamoja na wakubwa zake kwenye sahani moja. Siku ya kupimwa, utepe wa mkono ulionyesha rangi ya manjano. Mama alishangaa, akasema, "Lakini kila siku anakula!" Muuguzi akamwuliza swali moja tu: "Anakula kwenye sahani ya nani?" Alipoanza kumtengea sahani yake, ndipo alipojua kwamba mtoto alikuwa anapata matonge manne au matano tu, halafu sahani inakwisha. Baada ya miezi miwili utepe ulirudi kwenye kijani.

1. Tumbo dogo, mara nyingi

Tumbo la mtoto hubeba karibu mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 hubeba kama mililita 240, karibu robo lita. Hata tukimpa sahani kubwa jioni, hawezi kufidia siku nzima. Kwa hiyo mtoto aliyetimiza mwaka 1 anahitaji milo 3 au 4, na kitu kidogo mara 1 au 2 katikati. Kila mlo uwe robo tatu ya kikombe hadi kikombe kimoja cha robo lita. Kujua kikombe chako, chukua chupa ya maji ya lita moja: ikijaza kikombe hicho mara 4, ndicho chenyewe.

Anayenyonya aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mimba mpya peke yake si sababu ya kumwachisha ghafla. Tumwulize muuguzi kwanza.

2. Uzito wa uji

Uji mwepesi hujaza tumbo kwa maji. Inamisha kijiko: uji ukikimbia kama chai, bado ni mwepesi, ukikaa na kudondoka polepole, ni mzuri. Unga wa mahindi au mtama uchanganywe na soya, au uongezwe kijiko cha karanga zilizosagwa. Karanga nzima tusimpe, zinaweza kumkaba.

3. Ndagala na wenzake

Bugali wa muhogo hushibisha, lakini peke yake haujengi mwili. Chakula cha siku kitoke katika makundi 5 au zaidi kati ya haya 8: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi za kupika, maharagi na karanga, maziwa ya mnyama, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, kama lengalenga, papai na embe, na mboga na matunda mengine.

Ziwa Tanganyika limetupa ndagala, samaki mdogo anayeliwa pamoja na mifupa yake. Ondoa mchanga, kausha vizuri kwenye sufuria, twanga, chekecha, weka kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Kijiko kimoja cha unga huo katika maharagi au mboga kinamtosha mtoto kwa mlo. Wavuvi huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa ndagala hupungua na bei hupanda. Basi tununue kidogo wakati zimejaa soko la Ruvumera, tuweke akiba. Fedha zikipungua, tusikate ndagala ya mtoto kwanza.

4. Mfano wa siku moja

Saa 1 asubuhi: uji mzito wenye karanga, robo tatu ya kikombe.
Saa 4: nusu ya avoka iliyopondwa.
Saa 7 mchana: viazi vitamu na maharagi yaliyopondwa, kikombe kimoja.
Saa 10: ndizi mbivu, au yai likipatikana.
Saa 12 jioni: bugali laini, lengalenga, unga wa ndagala na kijiko kidogo cha mawese, kikombe kimoja.

Tunajua wengi wetu tunapika mara moja tu kwa siku, kwa sababu ya bei ya makaa. Ndiyo maana saa 4 na saa 10 tumeweka vitu visivyohitaji moto, isipokuwa yai, ambalo huchemshwa pamoja na viazi. Anayepika jioni tu na apike uji asubuhi kwa makaa machache. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto letu la Bujumbura. Kikibaki, tukichemshe tena mpaka kitoe povu. Sehemu ya mtoto itolewe kabla ya kutia pilipili, na chai au Fanta visichukue nafasi ya chakula.

5. Nani anapakuliwa kwanza?

Hapa ndipo penye shida nyumbani mwetu. Tumezoea kumpakulia baba na mgeni, na samaki huenda kwao. Heshima hiyo ni nzuri, lakini mgeni akikosa samaki leo, kesho hatadumaa. Tunawaomba akina baba waseme wenyewe mezani, "Anza na mdogo." Neno hilo likitoka kwao, mama hatahukumiwa.

Akiugua, tumpe kidogo kidogo mara nyingi. Akipona, tumwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki 2. Utepe ukionyesha nyekundu, au miguu ikivimba, tusingoje: tumpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

Jana mtoto wetu alikula mara ngapi? Alipata makundi mangapi? Ana sahani yake? Mkutano ujao kila mmoja alete kikombe anachotumia kwa mtoto, tukipime pamoja.