Karatasi za Vita

Mwaka 1914 vita vilipoanza huko Ulaya, havikukaa Ulaya tu. Tarehe 8 Agosti manowari ya Waingereza ilipiga mizinga mnara wa simu ya upepo katika Dar es Salaam, na mwezi wa Novemba watu walikuwa wakiuana Tanga. Hata tarehe 25 Novemba 1918, jeshi la Wadachi, yaani Wajerumani, lilipoweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, nchi ilikuwa imekanyagwa toka Kilimanjaro mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Wote waliopigana vita vile wamekwisha kufa. Hayuko tena mzee wa kumwuliza. Basi sisi twajuaje mambo yao?

Twajua kwa masimulizi waliyowaachia watoto wao, na twajua kwa karatasi. Katika somo hili tutatazama karatasi.

Msidhani kwamba karatasi za vita ni amri za majemadari peke yake. Vita ni kazi ya kuandika sana. Atakaye kulisha watu elfu hana budi kuhesabu magunia. Mtu akipewa blanketi huandikwa, akiugua huandikwa, akifa huandikwa, ikiwa yupo mwenye kuandika. Na raia nao wana karatasi zao: barua, vitabu vya ubatizo na maziko, madaftari ya misheni, hati za madeni, magazeti. Karatasi ya jemadari hueleza mahali jeshi lilipokwenda. Karatasi ya karani wa ghala hueleza kama lilikula.

Majalada mengi ya serikali ya Wadachi yapo Dar es Salaam hata leo, katika Nyaraka za Taifa. Nayo yalipata taabu zake. Wadachi waliposukumwa kutoka pwani mwaka 1916, sehemu ya majalada yao ilifukiwa ardhini Tabora, ikafukuliwa baada ya vita. Mwaka 1997 UNESCO iliyaandika katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia. Ni ajabu kwamba karatasi, kitu ambacho mchwa hukimaliza kwa masika moja, imeishi kuliko bunduki nyingi za siku zile.

Tazameni kwanza karatasi ndogo kuliko zote, noti ya rupia moja. Merikebu za Waingereza zilifunga njia ya bahari, fedha mpya isipate kuingia. Basi tangu mwaka 1915 Wadachi walipiga chapa noti zao wenyewe humu nchini, kwa karatasi ya namna yo yote iliyopatikana. Kufika mwaka 1917, walipokuwa wakikimbia porini, nyingine zilipigwa kwa mihuri midogo ya herufi, kama kitu cha kuchezea watoto. Mtu akizipanga noti hizo mezani kwa mwaka, aona serikali ikififia mbele ya macho yake, na hakuna aliyekusudia kumwambia hivyo. Watu wa nchi walielewa mapema: wengi walificha rupia zao za fedha, wakaikataa karatasi kila walipoweza.

Sasa natufike kwenye daftari la wapagazi, maana hapa ndipo penye jambo zito.

Katika vita vile magari yalikuwa machache, njia mbaya, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe. Kwa hiyo mzigo ulikwenda kichwani mwa mtu. Waingereza waliandika watu wengi mno kuwa wapagazi, nao hukisiwa kuwa kama milioni moja katika nchi zote. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na vinywani mwa watu neno hilo likawa Kariakoo. Ninyi mnaopita Kariakoo ya Dar es Salaam kununua viatu, au Kariokor ya Nairobi, mnatamka jina la kikosi hicho. Hapo kwanza wengine walikuja kwa hiari. Lakini katika Kenya ilitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwashurutisha, na mwaka 1917 wakakusanywa kwa nguvu kila mahali. Wadachi nao walishika watu njiani na vijijini, na mara nyingi hawakuwaandika kabisa. Kwa sababu hiyo wapagazi wa upande wa Wadachi ni vigumu zaidi kuwahesabu.

Mkuu wa kikosi cha Waingereza alikuwa Oscar Watkins, mtu aliyejua Kiswahili, naye aliandika habari za kazi yake baada ya vita. Kwa madaftari yao twajua kwamba zaidi ya wapagazi 40,000 waliandikwa kuwa wamekufa, na wanahistoria wa baadaye wanasema hesabu ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Risasi iliua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa, na ugonjwa wa mapafu. Mtu aliyezoea ndizi alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika nusu kwa kukosa kuni na wakati, ukamchana matumbo. Jambo hili halikuwa kudura tu. Mwaka 1917 Dk. John Arthur wa misheni ya Kikuyu alichukua watu zaidi ya 1,500 kutoka misheni, akaenda nao vitani mwenyewe, akaangalia chakula chao na usafi wao. Waliokufa kati yao walikuwa wachache sana kuliko vikosi vingine. Karatasi mbili zikiwekwa pamoja, ya kikosi hiki na ya vile vingine, zatoa hukumu ambayo hakuna afisa aliyeiandika.

Baada ya vita palitokea neno la mishahara. Mpagazi aliyekufa alikuwa na fedha zake mkononi mwa serikali, na fedha hizo zilikuwa haki ya mjane wake au baba yake. Lakini mlipwaji atafutwe wapi? Karani hakujua lugha ya mtu yule, akaandika jina kama sikio lake lilivyosikia. (Mimi, ambaye ni mwalimu, nikiita majina siku ya kwanza ya mwaka hukosea mawili matatu, na watoto wamesimama mbele yangu.) Wengine walitoa majina ya uongo wakitumaini kutoroka. Wengine waliandikwa jina la jumbe wao badala ya kijiji chao. Basi mama mmoja mmoja alikuja barazani akataja jina la mwanawe, na jina hilo halikuwamo katika daftari. Na katika daftari lilikuwamo jina ambalo hakuna mama aliyelitaja. Hivyo fedha nyingi zilibaki bila mwenyewe. Katika Kenya walikuwako waliotaka zitumiwe kwa faida ya Waafrika, na serikali ya London ikakataa. Barua za mabishano hayo zilikwenda na kurudi miaka mingi. Leo barua hizo zimehifadhiwa vizuri kuliko majina ya wale waliodaiwa.

Upande wa raia, karatasi za Dodoma ndizo za kuhuzunisha zaidi. Majeshi yote mawili yalichukua kwa Wagogo ng'ombe, nafaka na vijana. Halafu mvua ikakosa. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Afisa mmoja alikadiria kwamba watu 30,000 wa wilaya ile walikufa, kati ya watu kama 150,000. Angalieni neno hili "alikadiria". Hakuna aliyesimama kando ya kila kaburi na kalamu. Hesabu ni ya Mwingereza, jina ni la Wagogo wenyewe, na mimi naona jina lina habari nyingi kuliko hesabu, kwa maana lilitolewa na walioshinda na njaa.

Je, Waafrika wa siku zile hawakuandika? Waliandika, ingawa kidogo kimehifadhiwa. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani huko Unguja, alishikwa na Wadachi vita vilipoanza kwa sababu alikuwa raia wa Kiingereza. Walifungwa pamoja naye walimu na mapadre wa misheni ya UMCA, wakafanyizwa kazi ngumu, mpaka Wabelgiji walipoiteka Tabora mwezi wa Septemba 1916. Kayamba aliandika maisha yake, nayo yakatolewa mwaka 1936 katika kitabu kilichohaririwa na Margery Perham. Lakini naye msimsome bila kuuliza. Aliandika miaka mingi baadaye, akiwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza, na wasomaji wake walikuwa Waingereza. Haina maana kwamba alisema uongo. Maana yake ni kwamba kila karatasi ina mwandishi, na mwandishi ana bwana wake, hofu yake, na tumaini lake.

Katika vita vya pili, vya mwaka 1939 hata 1945, askari wa Afrika ya Mashariki walipelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma, na barua zilikuwa nyingi zaidi. Asiyejua kuandika alimwomba mwenzake. Wakaguzi wa jeshi walizisoma kabla ya kuzipeleka, wakafuta yasiyotakiwa, kisha wakaandika muhtasari wa mambo ambayo askari walikuwa wakiyawaza: mke, mifugo, karo ya mtoto, na kazi gani watapata wakirudi. Barua zenyewe nyingi zimepotea vijijini. Muhtasari wa mkaguzi umebaki.

Mazoezi. Kwa nini fedha za wapagazi wengi hazikuwafikia jamaa zao? Andika sababu tatu. Noti za mwaka 1917 zatuonyesha nini juu ya serikali iliyozitoa? Waulize watu wa nyumbani kama ipo barua, picha, cheti au nishani iliyowekwa sandukuni tangu zamani za babu. Usiichukue, bali nakili katika daftari lako maneno yaliyomo, uandike na jina la mwenyewe kama yeye mwenyewe alivyolitamka.