Magawa, Panya Mpelelezi

Jioni moja huko Nyantende, karibu na Bukavu, watoto walikaa kando ya moto wakingoja maharagwe yaive. Babu yao aliwasimulia hadithi ya sungura aliyemtafuta mwizi wa asali. Sungura yule hakupiga kelele, wala hakumsingizia mtu. Alifuata nyayo. Kisha akanusa midomo ya wanyama wote, mmoja mmoja, mpaka akamkuta fisi ananukia asali.

Mtoto mmoja akauliza: «Babu, je, kuna mnyama mpelelezi wa kweli, au ni katika hadithi tu?»

Babu akajibu: «Kesho mwulize mwalimu wako.»

Kesho yake mwalimu alisema: «Yuko aliyekuwa mpelelezi wa kweli. Jina lake Magawa. Alikuwa panya.»

Watoto wakacheka sana. Panya, mtoboa magunia! Mwalimu akangoja kicheko kiishe, ndipo akaanza kusimulia.

Shule ya panya

Magawa alizaliwa Morogoro, katika nchi ya Tanzania, mwaka 2013. Hakuwa panya mdogo wa nyumbani. Alikuwa wa jamaa ya panya wakubwa wa porini, ambao Watanzania huwaita panya buku. Toka pua hadi ncha ya mkia alikuwa na urefu wa sentimeta 70, na uzito wake ulizidi kidogo kilo moja. Macho ya panya hao ni dhaifu, lakini pua zao ni hodari kabisa.

Mbelgiji mmoja, Bart Weetjens, aliyefuga panya alipokuwa mtoto, alifikiri hivi: «Kama panya anaweza kunusa chakula kilichofichwa chini ya ardhi, je, hawezi kunusa bomu?» Mwaka 1997 yeye na wenzake walianzisha shirika liitwalo APOPO. Baadaye kazi yao ikahamia Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine.

Panya hufundishwa kwa upole. Kwanza huzoezwa kukaa na watu bila hofu. Kisha hufundishwa kusikiliza kidude kidogo kinacholia «tik!» Kila kikilia, hupewa kipande cha ndizi au chakula kingine akipendacho. Halafu huonyeshwa harufu ya baruti ya mabomu. Akiitambua, «tik!», naye hupata ndizi. Akikosea, hapigwi wala hatukanwi. Hukosa ndizi tu, akajaribu tena.

Safari ya nchi ya mbali

Mwaka 2016 Magawa alipelekwa Kambodia, nchi ya Asia iliyo mbali sana na Afrika. Watu wa huko husema Kikhmer na hulima mpunga. Wanaposalimiana huunganisha viganja viwili mbele ya kifua, kama Mkristo anayesali. Wengi wao hufuata dini ya Buddha.

Mtoto wa Nyantende akifika huko angehitaji mkalimani. Magawa hakumhitaji. Lugha yake ilikuwa «tik!» na ndizi, na lugha hiyo ni moja Morogoro na Kambodia.

Tena nchi ile ilikuwa na huzuni ambayo watu wa Kivu wanaijua. Vita vya miaka mingi vilikuwa vimepita. Askari walikuwa wameficha mabomu ardhini, kisha wakaenda zao. Vita vikaisha, lakini mabomu hayakujua kwamba vita vimeisha. Mkulima alikwenda kulima, akapoteza mguu. Mtoto alikwenda kuokota kuni, hakurudi. Nani angeweza kusema adui amelala wapi?

Kazi ya mpelelezi

Kila siku asubuhi, kabla ya jua kali, Magawa alivikwa mkanda mwilini. Masikio ya panya hao hupakwa mafuta yasiunguzwe na jua. Watu wawili walisimama huku na huku wakishika kamba iliyonyooka, naye akatembea kando ya kamba hiyo, akinusa ardhi. Alipopata harufu ya bomu alikuna ardhi kwa makucha, kisha akangoja. Kwa kuwa alikuwa mwepesi, bomu halikulipuka chini yake. Watu waliofundishwa walikuja kuliondoa au kuliharibu.

Chombo cha kutafutia chuma hulia kwa kila msumari na kila kopo kuukuu. Panya hajali msumari, hutafuta baruti tu. Kwa hiyo eneo lililo sawa na uwanja wa tenisi humalizwa na panya kwa nusu saa. Mtu mwenye chombo aweza kuchukua hata siku nne.

Kwa miaka mitano Magawa alivumbua mabomu ya ardhini 71 na vitu vingine 38 vya kulipuka. Mwaka 2020 shirika moja la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa. Hakuna panya aliyeipata kabla yake. Mwaka 2021 alipumzishwa kazi kwa sababu ya uzee, na Januari 2022 akafa. Mashamba aliyoyapima hulimwa sasa bila hofu.

Mbuzi na chuma

Mwalimu alipomaliza, hakuna aliyecheka. Mvulana mmoja akasimama polepole.

«Mwalimu, juma lililopita nilikuwa nachunga mbuzi. Niliona chuma cha duara kando ya kijito, nusu kimefukiwa. Nilitaka kukichimbua nimpelekee fundi.»

Mwalimu akamtazama. «Ulikigusa?»

«Hapana, mwalimu. Mbuzi walikimbia, nikawafuata.»

Tangu mwaka 1996 vita vimepita Kivu mara nyingi, na vyuma vingine vilivyobaki bado vinaua. Mwalimu alikwenda siku ile ile kwa shefu wa kijiji. Watu wote wakakatazwa njia ya kijito, hata wanawake waliokwenda kuteka maji. Baada ya siku mbili wakaja watu waliofundishwa kazi hiyo. Walikitazama kile chuma kwa uangalifu, wakakiondoa. Kilikuwa mfuniko wa sufuria kuukuu.

Wengine walianza kumcheka mvulana yule, kwa kuwa waliteka maji mbali siku mbili bure. Naye akainamisha kichwa. Mwalimu akawaambia: «Panya wa Morogoro akikuna mahali pasipo na bomu, hapigwi. Kwa nini? Kwa sababu akiogopa kukuna, siku ya bomu la kweli atanyamaza. Mmechoka siku mbili, lakini miguu yenu mnayo yote.» Kisha akamshika mvulana mkono mbele ya wote, akamshukuru.

Mungu Muumba hakuumba kitu cha bure. Alimpa panya pua, akampa mtoto macho na ulimi. Mpelelezi mwema hutazama, hagusi, huenda kusema.

Yashike haya

1. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikitupie jiwe.
2. Simama. Rudi kwa njia uliyojia.
3. Mwambie mzazi, mwalimu au shefu siku ile ile.

Maswali

1. Sungura wa hadithi na Magawa walifanana katika jambo gani?
2. Kwa nini Magawa hakuhitaji mkalimani?
3. Kwa nini panya hupima shamba upesi kuliko mtu mwenye chombo?
4. Maneno haya maana yake nini: «Mabomu hayakujua kwamba vita vimeisha»?
5. Je, mvulana alikosea? Eleza.