Krimu ya Bure, Uso wa Binamu

Shikamoo Anti,

Nakaa Mailimoja, Kibaha, na video zangu za urembo zinatazamwa sana TikTok. Mwenye duka moja la vipodozi hunipa losheni na krimu, nami namsifia. Hanilipi hata senti. Mwezi uliopita alinipa krimu ya kung'arisha uso, nikasema ndiyo ninayotumia kila siku. Ukweli niliipaka mkononi tu wakati wa kurekodi. Binamu yangu wa Kisarawe akaiagiza. Sasa uso umemvimba na vipele vimemjaa. Shangazi anasema nimemponza mwanawe. Kosa langu liko wapi wakati sikulipwa? Na mtu akikupa zawadi, si uungwana kumsifia?

Mrembo wa Mailimoja

Marahaba, mwanangu. Kwanza huyo binamu. Aache krimu hiyo leo na aende hospitali na kopo lenyewe mkononi. Krimu nyingine ni mkorogo uliotiwa kwenye kopo zuri, na zebaki na hidrokwinoni ni marufuku katika vipodozi nchini kwetu. Kama kopo halionyeshi viambato wala mtengenezaji, toeni taarifa Shirika la Viwango, TBS. Tangu 2019 vipodozi viko chini yao.

Sasa wewe. Duka lile lingetaka tangazo redioni lingetoa hela. Kwako limetoa losheni, na wewe umelifanyia tangazo. Uungwana wa zawadi ni mwingine: mama mkwe akikupa gauni, lisifie hata kama linakubana. Hakuna atakayefungua pochi kwa sababu ya sifa hizo. Wanaokutazama wanafungua, wakidhani umenunua kama wao. Marekani mwongozo wa tume yao ya biashara unawataka wanaopewa vitu bure waseme hivyo, tangu 2009. Kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na sioni kwa nini mwenye simu na taa ya duara ajione yuko nje yake.

Lakini hata ungesema "nimepewa", bado. Linaloniudhi ni hilo la mkononi tu. Ulijua usoni hujaipaka, ukasema unaitumia kila siku. Huo haukuwa uungwana kwa mwenye duka, ulikuwa uongo kwa binamu yako, na kwa wasichana wengine usiowajua ambao huenda nao wamevimba wakiwa kimya.

Ifute video ile. Rekodi nyingine, na useme kwa mdomo wako pale mwanzoni: krimu nilipewa bure, usoni sikuipaka, aliyeipaka ameumia. Usiyafiche kwenye kapsheni. Mwenye duka atanuna, huenda asikupe tena kitu. Anune. Ila mwulize krimu ameitoa wapi, na kama bado anaiuza.

Hela ya krimu mrudishie binamu yako, uongeze na ya matibabu kadiri unavyoweza. Kwa shangazi usitume ujumbe wa sauti. Panda gari uende Kisarawe mwenyewe.