Picha za Mifupa kwa Mtoto Anayeshukiwa Kupigwa

Mtoto wa miezi minne hatambai wala hasimami. Akifikishwa hospitalini Murgwanza au Nyamiaga, wilayani Ngara, akiwa amevunjika paja, na maelezo yakawa kwamba aligeuka usingizini, mhudumu hana budi kujiuliza: je, mtoto wa umri huu ana nguvu ya kujivunja hivyo?

Swali hilo si geni. Mwaka 1946 John Caffey, daktari wa Marekani, aliandika habari za watoto wachanga sita waliovuja damu chini ya utando wa ubongo, nao wamevunjika mifupa mirefu pasipo ajali iliyojulikana. Mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake wakalitaja jambo lenyewe waziwazi: watoto hao walipigwa.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, eksirei ya paja peke yake haitoshi. Wala haifai kumpiga picha moja ya mwili mzima, ingawa filamu huokolewa, kwa kuwa nyufa ndogo hupotea humo. Hupigwa fuvu, uti wa mgongo, nyonga, kila sehemu ya mikono na miguu, na kifua pamoja na mbavu kwa mshazari. Mbavu zilizovunjika upande wa nyuma, karibu na uti wa mgongo, mara nyingi hutokana na kifua kubanwa kwa mikono ya mtu mzima.

Hata hivyo, ubavu uliopasuka jana huenda usionekane leo. Mfupa mpya unaoziba ufa huanza kuonekana baada ya siku 7 hadi 14. Ndiyo maana picha hurudiwa baada ya wiki 2, isipokuwa za fuvu. Hapo ndipo penye hatari: mtoto atalala wapi siku hizo? Kumrudisha nyumbani kwa sababu picha ya kwanza ni safi ni kosa kubwa. Alazwe, au afisa ustawi wa jamii ahakikishe yuko mahali salama, na ndugu zake wadogo wachunguzwe.

Picha haimtaji mkosaji. Upungufu wa vitamini D, ugonjwa wa kurithi wa mifupa dhaifu na majeraha ya kuzaliwa huweza kufanana na kipigo, na mzazi asiye na hatia anastahili uchunguzi huo. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka shaka itolewe taarifa, na haingoji uthibitisho. Jirani naye anaweza kupiga simu 116, bila malipo.