SOMO LA KIKUNDI: Tuitembelee Uholanzi bila kuondoka kijijini



Wahenga walisema, tembea uone. Maneno hayo ni kweli kabisa, lakini nauli je? Wengi wetu tuna mashamba, tuna mifugo, tuna watoto wa shule. Hatuwezi kufunga safari ya Ulaya eti kwa sababu tu tunataka kujua watu wa huko wanaishi vipi.

Basi, kuna safari ya namna nyingine. Safari hiyo haitaki pasipoti. Inataka daftari, kalamu, beseni moja kubwa, udongo, maji, na watu watano au sita wenye hamu ya kujua. Tena ina faida ya pili. Mtu aliyejifunza kusoma, asiposoma, husahau. Herufi humtoka kidogo kidogo kama maji yanavyotoka katika mtungi wenye ufa. Lakini watu wanaosafiri pamoja kwa kujifunza hawasahau, maana kila wiki lipo la kusoma, lipo la kuhesabu, na lipo la kuandika.

Leo twende Uholanzi. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu kiasi cha robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari. Watu wanalima, wanafuga na kulala mahali ambapo pangestahili kuwa na samaki. Wanawezaje? Hilo ndilo swali letu la leo. Liandikeni katika ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu safari isiyo na swali ni kuzurura tu.

HATUA YA KWANZA: TUCHORE RAMANI

Azimeni atlasi katika shule ya msingi. Mwenye simu yenye intaneti naye asaidie. Itafuteni Ulaya, kisha Bahari ya Kaskazini, kisha nchi ndogo iliyo kando ya bahari hiyo. Hiyo ndiyo Uholanzi.

Ukubwa wake ni kilomita za mraba 41,500 hivi. Ni karibu sawa na Mkoa wa Dodoma. Lakini katika sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu kiasi cha milioni 3. Uholanzi ina watu karibu milioni 18. Sasa mnaona kwa nini Waholanzi hawapendi kupoteza hata kipande kidogo cha ardhi.

Haya, tokeni nje mpaka uwanjani. Chukueni fimbo mchore ramani hiyo ardhini. Hatua moja ya mtu mzima iwe kilomita 10. Kutoka kaskazini hadi kusini nchi hiyo ina kilomita 300 hivi, kwa hiyo itakuwa hatua 30. Upande wa magharibi na kaskazini nyunyizeni majivu. Hayo majivu ndiyo bahari.

Kaskazini chorani mstari wa hatua tatu na kidogo, kutoka nchi kavu hadi nchi kavu, ukikatiza maji. Huo ni Afsluitdijk, tuta lenye urefu wa kilomita 32. Waholanzi walilimaliza mwaka 1932. Ndani ya tuta hilo palikuwa na ghuba ya maji ya chumvi. Baada ya kufungwa, ghuba ikageuka kuwa ziwa la maji baridi liitwalo IJsselmeer. Baadaye wakakausha sehemu kubwa ya maji hayo. Mahali palipokuwa na mashua, leo pana mashamba na miji. Mkoa wa Flevoland, ulioanzishwa mwaka 1986, umekaa juu ya ardhi iliyokuwa chini ya maji.

Na sisi tuko wapi katika ramani hii? Kutoka Dar es Salaam mpaka Uholanzi ni kilomita 7,000 hivi. Basi mtumeni kijana mmoja atembee hatua 700 kuelekea kusini-mashariki, asimame, apunge kitambaa. Hapo alipo ndipo kwetu. Mkimwona mdogo kama kidole, mtafahamu umbali kuliko kusoma tarakimu peke yake.

HATUA YA PILI: TUIJENGE NCHI KATIKA BESENI

Ligaweni beseni sehemu mbili kwa ukuta wa udongo wa mfinyanzi, uende kutoka ukingo huu hadi ule. Upande mmoja ni bahari. Upande wa pili tandazeni udongo wa shamba, lakini usifike juu. Pandeni vijiti kuwa miti, na vibiriti kuwa nyumba. Kisha mimineni maji upande wa bahari mpaka yawe juu kuliko shamba. Shamba hilo Waholanzi huliita polda, yaani ardhi iliyozungukwa na tuta na kukaushwa.

Sasa mleteni mtu anyeshe mvua kwa kopo lenye matundu. Tazameni. Maji ya mvua yanatuama shambani. Yatakwenda wapi? Hayawezi kwenda baharini, maana bahari iko juu. Pia maji mengine yanapenya taratibu chini ya ukuta. Kumbe tuta peke yake halitoshi! Lazima mtu ayachote maji na kuyamwaga upande wa pili. Chukueni kijiko mchote kwa zamu.

Kijiko hicho kwa Waholanzi kilikuwa kinu cha upepo. Upepo ulizungusha mabawa, mabawa yakazungusha gurudumu, gurudumu likapandisha maji. Kinu kimoja hakikuweza kupandisha maji juu sana. Kwa hiyo walivipanga kwa mstari, kimoja kikimpa mwenzake, kama watu wanavyopokezana karai la zege. Kwa njia hiyo walikausha ziwa la Beemster mwaka 1612. Zikaja injini za mvuke, zikakausha ziwa la Haarlemmermeer kati ya mwaka 1849 na 1852. Leo uwanja wa ndege wa Schiphol uko mahali hapo, kiasi cha mita 3 chini ya usawa wa bahari. Siku hizi kazi kubwa hufanywa na pampu za umeme na za dizeli.

Usiku acheni kuchota, mwende mkalale. Asubuhi tazameni shamba lenu. Maji yamerudi. Andikeni katika daftari: huko Uholanzi kazi hii haina likizo.

HATUA YA TATU: TULIJARIBU TUTA

Jaribio hili ndilo kubwa kuliko yote. Jengeni matuta mawili katika mabeseni mawili. La kwanza liwe na ubavu wa ndani uliosimama wima, udongo mtupu. La pili liwe na ubavu wa ndani uliolala, mpana, uliofunikwa kwa nyasi zilizong'olewa pamoja na udongo wake. Sasa ongezeni maji baharini, kikombe kwa kikombe, mpaka yamwagike juu ya tuta. Hesabuni vikombe.

Msitazame upande wa bahari. Tazameni upande wa shamba. Maji yanayopita juu huteremka kwa nguvu, yakaula ubavu wa ndani. Udongo unamomonyoka kutoka nyuma, tuta linakonda, halafu linakatika ghafla. Lile lenye nyasi na ubavu mpana litastahimili vikombe vingi zaidi.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kweli katika sehemu nyingi usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 1 Februari 1953. Ilikuwa bamvua, wakati bahari inajaa kuliko siku nyingine. Dhoruba kali ya kaskazini-magharibi ikayasukuma maji hadi pwani ya kusini-magharibi, hasa mkoa wa Zeeland. Watu walikuwa wamelala. Maji yalipita juu ya matuta, yakayala kwa ndani, matuta yakakatika. Walikufa watu 1,836. Zaidi ya watu 70,000 walihamishwa. Mifugo isiyo na idadi ilizama.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wataalamu walikuwa wamekwisha kuonya kabla ya hapo kuwa matuta yale ni mafupi na dhaifu. Nasi tuna methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Waholanzi waliujenga ukuta huo kwa miaka mingi na kwa gharama kubwa. Katika mlango wa bahari uitwao Oosterschelde, mpango wa kwanza ulikuwa kuyafunga maji kabisa. Wavuvi na watetezi wa viumbe wa baharini wakakataa, wakasema chaza na samaki watakufa. Serikali ikasikia. Badala ya ukuta mzima wakajenga ukuta wenye malango 62 ya chuma, uliofunguliwa rasmi mwaka 1986. Siku za kawaida malango yako wazi. Siku ya dhoruba hufungwa.

Kuna hadithi mashuhuri ya mtoto wa Kiholanzi aliyeziba tundu la tuta kwa kidole usiku kucha, akaiokoa nchi. Watu wengi huamini ni habari ya kweli. Hadithi hiyo ilipata kujulikana sana kupitia kitabu cha mwandishi wa Marekani, Mary Mapes Dodge, cha mwaka 1865. Msibishane. Toboeni tundu kwenye tuta lenu, mzibe kwa kidole, mwone udongo uliolowa unavyofanya kando ya kidole. Ndiyo maana tunasema, anayejifunza kwa mikono hadanganyiki upesi.

HATUA YA NNE: TUWATAFUTE WATU

Nchi si maji na udongo tu. Ni nani anayetunza matuta haya?

Zamani kila mwenye shamba alipewa kipande chake cha tuta akitunze. Palikuwa na sheria ya koleo. Mtu aliyeshindwa kutunza kipande chake alichomeka koleo tutani, akaondoka. Maana yake ameacha tuta, na shamba pia ameliacha. Aliyeling'oa koleo hilo alichukua shamba pamoja na mzigo wa tuta. Sheria kali! Lakini walifikiri hivi: uvivu wa mtu mmoja unaweza kuzamisha kijiji kizima.

Tangu karne ya 13 wakulima wa huko wana mabaraza ya maji. Leo yako 21. Wananchi hupiga kura kuchagua wajumbe kila baada ya miaka minne, na hulipa kodi ya maji. Mabaraza hayo huajiri hata watu wa kutega mnyama fulani kama panya mkubwa wa majini, kwa sababu huchimba mashimo ndani ya matuta. Na juu ya matuta mengi utaona kondoo wanachunga. Hawakuwekwa kwa ajili ya nyama tu. Kondoo huzifanya nyasi ziwe fupi na nene, na kwato zake hazibomoi udongo kama za ng'ombe.

Katika hatua hii tungeni mchezo mfupi au ngonjera juu ya siku ya koleo. Wahusika wawe: mzee aliyechoka anayelichomeka koleo, mkewe, jirani anayetaka kuling'oa, na mjumbe wa baraza. Mzee aseme kwa nini ameshindwa. Mkewe aulize watoto watakula nini. Jirani aseme kama anafurahi au anaona haya. Mtakapoandika maneno ya kila mmoja mtaona kwamba jambo hili si rahisi, na kila mtu ana haki yake kidogo.

HATUA YA TANO: SWALI LILILOBAKI

Chukueni kopo, mjaze mboji yenye maji. Wekeni alama ya mkaa mahali mboji ilipofika. Toboeni kopo chini maji yatoke, mliache wiki mbili. Mtakuta mboji imeshuka chini ya alama.

Mashamba mengi ya Uholanzi yana udongo wa namna hiyo, wa mimea iliyooza zamani. Unapoyatoa maji, udongo hunywea na ardhi hushuka, pengine kufikia sentimita moja kwa mwaka. Ardhi ikishuka, lazima uchote zaidi. Ukichota zaidi, inashuka tena. Na bahari nayo inapanda. Wakulima wengine wanataka shamba kavu ili ng'ombe wasizame. Wengine wanasema maji yaachwe yapande kidogo ili ardhi isizidi kushuka. Mpaka leo wanajadiliana.

Basi tulikwenda na swali moja, Waholanzi wanawezaje? Tumejibiwa: kwa tuta, kwa kuchota, na kwa kila mtu kutunza sehemu yake. Lakini tumerudi na swali jingine ambalo wenyewe hawajalimaliza. Msafiri wa kweli hurudi hivyo.

Sasa tazameni mfereji wa kijiji chenu, au lambo lenu. Mtauona kwa macho mapya.

MANENO YA LEO

Polda: ardhi iliyozungukwa na tuta na kukaushwa maji.
Bamvua: wakati maji ya bahari yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine.
Usawa wa bahari: kimo cha uso wa bahari, kinachotumika kupimia urefu wa nchi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tuta peke yake halitoshi kuikausha polda?
2. Tuta lenu lilianza kubomoka upande gani? Liliweza vikombe vingapi?
3. Je, sheria ya koleo ilikuwa ya haki? Mjane au mgonjwa angefanyaje?
4. Wavuvi wa Oosterschelde walipokataa, serikali ilibadili mpango. Hasara ilikuwa nini, na faida nini?
5. Katika kijiji chenu nani hutunza mfereji au lambo? Asiyefika kazini hufanywaje?
6. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mkulima wa polda. Mwelezeni maji ya kwenu yanatoka wapi, na mwulizeni swali moja.

Haya ndugu zetu, kazi kwenu. Beseni likishakauka, chagueni nchi nyingine, mwanze tena kwa swali.