Ulianza kuanguka ukiwa na miaka mingapi?

Kilolo ni wilaya ya joto na baridi. Ruaha Mbuyuni watu wanatoka jasho kwenye vitunguu, Kidabaga wanaota moto jikoni hadi saa nne asubuhi. Lakini mtu akianguka na kutetemeka, huku na kule majirani hugawanyika kambi zilezile mbili: wa kifafa na wa mapepo. Wapo wagonjwa wasio wa kambi yoyote kati ya hizo. Wanaanguka kweli, wanapoteza fahamu kweli, ila hawana kifafa. Mzigo uliowazidi moyoni ndio unaowaangusha. Daktari wa safu hii anajibu maswali ya wasomaji kuhusu wagonjwa hao.

Dokta, kamwene. Kama ubongo hauna kifafa, si basi huyu anajifanya? (Mama muuza nyanya, Ilula)

Kamwene, mama. Hapana, hajifanyi. Umewahi kushuka Kitonga ndani ya basi, ukashtukia uko bondeni na hukumbuki hata kona moja? Macho yalikuwa wazi, mwili ulikuwepo, wewe ulikuwa mbali. Akili ina uwezo huo wa kuuacha mwili. Kwa mtu aliyeelemewa na hofu, fedheha au uchungu, huko kuondoka kunaweza kuja kwa nguvu kiasi kwamba mwili unabaki peke yake, unatetemeka au unalegea kama nguo iliyolowa. Katika kifafa, seli nyingi za ubongo hurusha umeme kwa pamoja bila mpangilio. Hapa umeme huo haupo. Anayejifanya anajua anachofanya na kuna kitu anakitafuta. Huyu akizinduka anauliza, “Nimefanya nini?” na mara nyingi anaona aibu.

Kila mgonjwa unamwuliza alianza akiwa na umri gani. Kwa nini? (Mhudumu wa afya ngazi ya jamii)

Kwa sababu jibu hilo ndilo linaloniambia nianze kuchimba wapi. Mtoto wa miaka miwili akikakamaa, sitafuti huzuni. Natafuta homa, malaria, maambukizi ya ubongo, sukari iliyoshuka. Hilo ndilo degedege la bibi zetu, na dawa yake ni kukimbia hospitali usiku huohuo. Kuanguka kwa mzigo wa moyo ni nadra sana kabla ya miaka mitano au sita. Baada ya hapo hutokea umri wowote, lakini kila umri na sura yake.

Mwanangu ana miaka tisa. Hatetemeki. Ananyamaza, anakodoa macho, analegea, dakika ishirini nzima. Shuleni tu, Jumapili hapana. (Mama, Mazombe)

Hiyo Jumapili, mama, imeshanijibu nusu. Kwa watoto wa shule ya msingi mara nyingi huwa hivyo: kimya, kulegea, kutoitika. Kifafa cha kuzubaa nacho kipo, ila kile huchukua sekunde chache, hurudi mara nyingi kwa siku, na hakina Jumapili. Katika umri huu wavulana na wasichana wanakaribiana kwa idadi. Chanzo mara nyingi kiko karibu na rahisi kukitaja: fimbo ya mwalimu, mtoto mkubwa anayemnyang'anya hela, kusoma kunakomshinda na hakuna aliyegundua, baba na mama wasioongea. Wakati mwingine nyumbani yumo ndugu mwenye kifafa halisi, na mwili wa mtoto umejifunza kwa kuona. Habari njema ni kwamba umri huu ndio unaopona vizuri zaidi, hasa kama hajazungushwa miaka na miaka kutoka kwa mganga hadi kwa mchungaji. Nenda shuleni kabla hujaenda duka la dawa.

Bweni letu wasichana wanaanguka kwa makundi, hasa mitihani inapokaribia. Wazazi wanataka tuite watu wa maombi. (Mwalimu wa sekondari)

Mwalimu, hapa nitakaa kidogo. Kuanzia kubalehe mizani hubadilika: wasichana wanawazidi wavulana kwa mbali, na umbo la kuanguka nalo linabadilika, linakuwa la kurusha mikono na miguu, kupiga kelele, kutikisa kichwa kushoto na kulia. Nchi yetu ina historia ndefu ya jambo hili. Tarehe 30 Januari 1962, shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kicheko na kilio vikasambaa kwa wanafunzi 95 kati ya 159, na Machi 18 shule ikafungwa. Walimu hawakuguswa. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka uliofuata, hawakupata sumu wala maambukizi ya kuieleza. Haikuwa kuanguka, lakini ni ukoo uleule: wasichana wa bweni wenye mengi ya kubeba na ruhusa ndogo ya kuyasema.

Sina ugomvi na maombi. Nina ugomvi na maombi ya hadhara, mbele ya paredi, kwa maana kila anayetazama anajifunza namna ya kuanguka. Mtoe aliyeanguka, mpeleke mahali tulivu na mtu mzima mmoja asiyefoka, wengine waendelee na kipindi. Halafu zungumza na yule aliyeanza, peke yake, siku nyingine. Wapo watakaokwambia ni mtihani. Wapo watakaokwambia ni mjomba anayelala nao nyumba moja wakati wa likizo. La pili likitoka, si suala la ushauri nasaha tena. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 ya kumsaidia mtoto ni bure. Usimrudishe nyumba ileile likizo ijayo ukasema umemtibu.

Nina miaka 27, nilianza nikiwa kazi za ndani Dar. Mwaka wa sita natumia dawa za kifafa, dozi imepandishwa mara tatu. Bado naanguka. (Msomaji, Kidabaga)

Pole sana, dada. Umri wako ndio wenye wagonjwa wengi kuliko wote, mwisho wa kubalehe hadi miaka ya thelathini, na kama watatu kati ya wanne ni wanawake. Ndio pia wanaochelewa kujulikana. Hata nchi zenye vifaa, miaka saba kupita kabla ya jibu sahihi ni jambo la kawaida. Dawa za kifafa haziwezi kuzuia kisicho kifafa, na zina bei yake mwilini: usingizi, akili nzito, na baadhi, kama valproate, huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini usiziache leo kwa sababu umesoma hapa! Kukatisha ghafla fenobabito, kwa mfano, kunaweza kukuletea kifafa halisi. Tena wako wagonjwa, kama mmoja kati ya watano, wenye vyote viwili.

Ukanda wetu una jambo jingine la kuangalia kwanza. Tunafuga nguruwe. Mtu mwenye tegu wa nguruwe hutoa mayai kwenye kinyesi. Yakiingia kinywani kwa mikono, maji au mboga, huanguliwa, na lava wake huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa cha ukubwani. Kitimoto mbichi humpa mla nyama tegu, na tegu wake humpa jirani ugonjwa wa ubongo. Kwa hiyo mtu mzima anayeanza kuanguka hapa kwetu asiambiwe “ni mawazo” kabla hajapimwa. Hilo likiondolewa, tiba ni mazungumzo na mtaalamu, na kinachoanza kusaidia ni kule kuelezwa tu, kwa heshima, kwamba ugonjwa wako upo na una jina. Kisha tutaongea kilichotokea Dar.

Shikamoo… samahani, mimi ndiye wa kuamkiwa. Nina miaka 61. Haya si mambo ya wasichana? (Mzee, Ilula)

Shikamoo, mzee. Hapana. Mwaka 2006 madaktari wa Glasgow, Uskochi, waliwaandika wagonjwa walioanza baada ya miaka 55: wanaume walikuwa wengi kuliko ilivyo kwa vijana, na kilichowaangusha mara nyingi kilikuwa maradhi ya mwili na hofu inayokuja nayo, na sio majeraha ya utotoni. Ila kwako nitapima moyo, shinikizo na sukari kwanza. Na nitakuuliza, bila kukuhukumu, kuhusu ulanzi na vinavyofuata ulanzi ukiisha msimu. Aliyezoea kunywa sana akikata ghafla anaweza kuanguka, na hilo si mawazo.

Kipimo cha umeme wa ubongo tunakipata wapi? (Maswali kadhaa)

Hospitali chache kubwa za rufaa, na kile cha kurekodi picha pamoja na umeme ni adimu zaidi. Kutoka Iringa hadi Dar ni karibu kilomita 500. Lakini nyumbani simu ipo. Akianguka, ondoa moto na vyombo, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize mikono. Akizidisha dakika tano, tafuta usafiri wa hospitali. Hamuwezi kujua kwa macho kama ni kifafa au la. Kisha mmoja ashike simu aanze na uso, kwani macho yaliyofumbwa kwa nguvu yananielekeza upande mmoja na macho yaliyo wazi upande mwingine. Arekodi mpaka mwisho, hata kama ni robo saa, na asizime mgonjwa anapoanza kulia. Nionyesheni ulimi pia: alama ya jino ubavuni mwa ulimi huelekea kwenye kifafa. Video hiyo isiende kwenye kundi la ukoo. Ije kliniki.