Ukoko Katika Vichemshio vya Maji

Wakazi wengi wa Mkoa wa Singida hutumia maji ya visima. Mvua inyeshapo, maji hupenya ardhini, huchukua kaboni dayoksaidi iliyomo katika udongo na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo huyeyusha madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo katika miamba na udongo. Maji ya namna hii huitwa maji magumu: sabuni haitoi povu upesi, na birika hufanya ukoko mweupe.

Jinsi ukoko unavyotokea

Maji magumu yapashwapo moto, kalsiamu haidrojeni kaboneti iliyoyeyuka ndani yake huvunjika:

Ca(HCO₃)₂ → CaCO₃ + H₂O + CO₂

Kalsiamu kaboneti haiyeyuki kwa urahisi, kwa hiyo huganda juu ya sehemu yenye joto zaidi. Katika kichemshio cha umeme, sehemu hiyo ni koili.

Madhara yake

Chuma hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko ukoko. Koili iliyofunikwa na ukoko hushindwa kutoa joto lake kwenye maji. Nayo huzidi kupata moto mpaka gamba lake kupasuka. Hapo umeme huweza kuvuja ndani ya maji, na mtu anayeoga huwa hatarini, hasa ikiwa nyumba haina waya wa ardhi ulio mzima.

Hatari kubwa zaidi imo katika vali ya usalama. Maji hutanuka yakipata joto: lita 100 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 80 za Sentigredi huongezeka kwa lita 2.7 hivi. Ikiwa maji hayawezi kurudi kwenye bomba, ziada hiyo hutoka kwa matone kupitia vali. Kwa hiyo tone lionekanalo wakati kichemshio kinafanya kazi si ubovu. Anayeziba vali ili kuzuia tone hilo, au anayeacha ukoko uizibe, hufunga mlango pekee wa kutokea kanieneo.

Mjini Singida, katika kimo cha mita zipatazo 1,500, maji yaliyo katika sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndani ya tangi lililofungwa, kanieneo huyazuia kuchemka hata yakipita nyuzi 100. Ikiwa swichi ya kudhibiti joto imeharibika na vali imeziba, joto na kanieneo huendelea kupanda. Tangi likipasuka, kanieneo hushuka ghafla na sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo huchukua nafasi ipatayo mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Mlipuko wa namna hii waweza kubomoa ukuta na kuua.

Matunzo

Joto lisizidi nyuzi 60, kwani ukoko huongezeka upesi maji yakiwa ya moto sana. Fundi afungue tangi kila mwaka, umeme ukiwa umezimwa na maji yamepoa, aondoe ukoko na kuikagua vali. Vali ikidondosha maji hata kichemshio kikiwa baridi, isafishwe au ibadilishwe, kamwe isizibwe.

Jaribio la darasani

Chukua kipande cha ukoko kutoka katika birika, ukitie katika siki au maji ya ndimu. Mapovu yatokayo ni kaboni dayoksaidi. Kisha chemsha maji ya kisima, yaache yapoe na kuyachuja, halafu linganisha povu la sabuni katika maji hayo, katika maji ya kisima yasiyochemshwa, na katika maji ya mvua.

Maswali

1. Kwa nini maji ya mvua hayaachi ukoko katika birika?
2. Maji ya kisima yakiendelea kuwa magumu hata baada ya kuchemshwa, yana chumvi za aina gani?
3. Eleza kwa nini vali inayodondosha maji wakati wa kupasha joto ni salama kuliko vali iliyo kavu daima.